Chumvi ya Ma Immaculata

Kokuberwa alipoambiwa kwamba baada ya kukatwa tezi ya shingo bado kuna mabaki ya saratani, na kwamba atameza dawa ya mionzi ya kuyaunguza, hakuuliza kama atapona. Aliuliza habari za mtoto.

"Utamwachisha kunyonya kabisa," daktari alisema. "Maziwa yakauke kwanza. Ukishameza dawa, akae mbali nawe mpaka nikuruhusu. Na wiki mbili kabla yake usiguse chumvi yenye madini joto. Ukiila, dawa haitashika."

Basi Precious, mtoto wa mwaka na ushei, akavushwa kwa kivuko cha Kamanga, akapelekwa Sengerema kwa shangazi yake, Modesta. Nyumba yao ya mtaa wa Nyakato ikanyamaza. Kokuberwa alilia, kifua kimejaa maziwa yasiyo na mnywaji. Kufa hakukumtisha sana. Aliogopa mtoto atamsahau.

Mumewe, Pius, alihangaika mpaka akapata chumvi isiyotiwa madini joto, akaijaza kwenye kopo la jikoni. Mama mzazi wa Kokuberwa, Ma Immaculata, akaja kutoka Bukoba kumpikia. Ndizi zilipikwa, mboga zikaungwa, mgonjwa akala bila ubishi.

Siku ya dawa ilipofika, daktari aliuliza mgonjwa amekula nini. Ma Immaculata akadakia kwa fahari, maskini wa Mungu.

"Usiwe na hofu, mwanangu. Ile chumvi yao niliimwaga siku ileile niliyofika, nikaweka ya pakiti, yenye madini joto. Mgonjwa haulizwi uji, nami sikumuuliza. Sisi tulifundishwa tangu usichana kwamba shingo huvimba kwa kuikosa chumvi hiyo. Marovu tumeyaona kwa macho yetu!"

Lilikuwa somo la kweli, ila si la ugonjwa huu. Daktari akavua miwani, akaahirisha dawa kwa wiki kadhaa.

Nje, bibi wa watu alijishika kichwa. "Koku, nimekuua?"

"Hapana, Mama. Tumechelewa tu."

Moyoni alimkasirikia, kisha akajichukia kwa kumkasirikia.

Kwa kuwa dawa ilikuwa bado, aliruhusiwa kumwona mtoto. Jumapili alivuka. Modesta alikuwa akimsubiri gatini Kamanga, na Precious alipomwona mama yake alipiga kelele, akamrukia. Hakusahau! Kokuberwa akacheka, kicheko cha kwanza tangu hospitali.

Ndipo vidole vidogo vikashika kifungo cha juu cha gauni, vikakifungua kama zamani, na mdomo ukaanza kutafuta.

Maziwa yakirudi, dawa itaahirishwa tena. Kokuberwa aliushika ule mkono, akauondoa polepole, akafunga kifungo.

"Yameisha, mama," akamwambia.

Precious alimtazama usoni, asijue amekosa nini. Kisha akageuka, akamnyooshea Modesta mikono.