Uvimbe wa Shingoni

Nchagwa alirudi Matongo kutoka hospitali akaketi uani bila kuvua kofia.

"Imerudi," alisema.

Hakuna aliyeuliza zaidi. Miaka minne nyuma shemeji yake, Waisiko, mjane wa kaka yake, alikatwa titi kwa saratani huko Mwanza. Sasa uvimbe ulikuwa umemtoka shingoni, ukapimwa kwa sindano. Majibu alitumwa Nchagwa kuyachukua, kwa kuwa bomani kwao habari nzito husikilizwa na mwanamume.

Waisiko alisukuma bakuli la uji. "Mwanza siendi tena. Walikata, imerudi. Wakikata tena, si itarudi tu?"

Gati aliendelea kupepeta ulezi. Waisiko hakujaliwa mtoto wa kiume, hivyo alimtolea Gati ng'ombe akamwoa kwa desturi ya nyumba ntobhu, mwanamke kumwoa mwanamke, ili watoto wabebe jina lake. Kwa Gati alikuwa mama pia. Kesho yake, bila kumwambia mtu, Gati alipanda bodaboda kwenda hospitali Tarime.

Daktari Makoye, kijana wa Shinyanga, alimuuliza, "Wewe ni nani wake?"

"Mke wake."

Daktari alitaka kucheka, akaona uso wa Gati, akaacha.

"Imerudi kwa ukali gani, daktari?"

"Nani kasema imerudi? Nilimwambia yule mzee ni saratani, akainuka kabla sijamaliza. Hii ni nyingine. Imeanzia hapohapo shingoni, kwenye tezi. Ile ya titi hatujaiona popote."

"Mbili?" Gati alishika ukingo wa meza. "Ndiyo afadhali hiyo?"

"Ni afadhali. Hii bado ndogo. Ikiondolewa sasa, wengi hupona. Akikaa nyumbani, siwezi kuahidi kitu."

Gati alipiga simu nyumbani, akaweka spika, akampa daktari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye unayeniua?"

"Hapana, mama. Sikiliza kwanza."

Alieleza polepole.  Gati alisikia kuku wakilia upande wa pili.

"Kwa hiyo ile ya kwanza waliishinda," Waisiko alisema.

"Mpaka sasa hatuioni, mama."

"Mpe simu mke wangu."

Gati aliipokea kwa mikono miwili.

"Gati, uliza Mwanza tunatakiwa lini. Na huyo Nchagwa abaki na ng'ombe. Majibu nitayasikia kwa masikio yangu."