Kitanda Kimeshapata Mwingine

Kiroboto alivunja kabati la ofisi akitafuta sweta ya marehemu mama yake, ambayo meneja wa makao ya watoto alimnyang'anya kwa kosa la kujibizana. Angekuwa kwa mama mzazi angefokewa, akanuna mpaka jioni, yakaisha. Pale makaoni, meneja aliita polisi.

"Ndiyo utaratibu," alisema.

Mtoto mwenyewe alikuwa msichana wa miaka kumi na minne. Aliyefuatana naye mahakamani ni mlezi wa zamu, ambaye watoto wote walimwita Shangazi. Kwenye benchi la nje alimsuka mistari ya harakaharaka, aonekane mtoto wa watu.

"Shangazi, unanivuta!"

"Vumilia. Urembo una kazi."

Hakimu, mama mpole, alisoma faili, akavua miwani. "Kwa kosa hili sioni sababu ya kumfungia. Asubiri kesi nyumbani. Nani anamchukua?"

Meneja alikohoa. "Mheshimiwa, kitanda chake kimeshapata mwingine."

Shangazi alisimama bila kuulizwa. "Nipeni mimi. Nina chumba."

"Wewe ni nani wake?" aliuliza ofisa wa ustawi wa jamii, wala si kwa ubaya.

"Mlezi wake."

"Wa kuajiriwa," meneja alidakia.

Ofisa akatikisa kichwa. Mwajiriwa haruhusiwi kwenda na mtoto kwake. Hakimu alitazama huku na huku, hakuona mwingine wa kumuuliza, akaandika mahabusu ya watoto. Kiroboto alidhani wanarudi nyumbani. Alishtuka alipoona gari limepita njia nyingine.

Shangazi alipopata ruhusa ya kumtembelea, alimkuta amechangamka, hata akapata moyo.

"Nimepata rafiki humu. Kaka yake ana nyumba. Nikitoka nitakaa kwao, nimsaidie kazi."

"Kazi gani, mwanangu?"

"Sijui. Kupeleka vitu kwa watu. Amesema hata simu atanipa."

Shangazi aliwajua makaka wa namna hiyo, ambao milango yao haifungwi kwa wasichana wasio na kwao. "Usiende" ilimfika kwenye ncha ya ulimi. Lakini angeulizwa, niende wapi? Na mkono mtupu haulambwi.

Akamnyoosha kola.

"Kula ushibe," alisema.

Askari akagonga mlango: muda umekwisha.