Siku Mfalme Chui Alipouza Kivuli

Katika msitu wa Kimbwere sheria ilikuwa moja tu: chuma upande mmoja wa mti, upande wa pili uachie mvua. Mbega alikula majani hivyo, Nyegere alirina asali hivyo, Nungu alichimba mizizi hivyo, na msitu haukupungua. Mfalme wao, Chui, hakuijua sheria hiyo, kwani hakuwahi kuchuma kitu.

Siku moja aliita baraza, akatangaza kwamba wageni kutoka nchi za jua kali wamenunua kivuli cha msitu. Wakaaji wakacheka mpaka wakashika mbavu.

"Kivuli?" akasema Nyegere. "Wape, Mtukufu, na upepo uwaongeze."

Wakainua mikono kukubali, masikini, wakidhani mjinga ni mnunuzi.

Kesho yake walinzi walisimama kwenye kila shina. Jani likichumwa kivuli kimepungua, na kivuli kikipungua, mali ya watu imeibwa. Nyegere alikamatwa akiwa mzingani. Nungu alihama na wanawe, na hakuna ajuaye walikoishia.

Mbega alikuwa amejifungua siku chache kabla, kitoto cheupe kama walivyo watoto wote wa mbega. Sasa maziwa yalikuwa yakimkauka. Akaenda barazani na kitoto chake kifuani.

"Mtukufu, mimi sili kingine ila majani. Niruhusu tawi moja tu, mwanangu apate kunyonya."

Chui, aliyekuwa amejinyoosha kivulini, akamtazama waziri wake, Fungo. Fungo akakohoa.

"Mama, ombi lako tumelipokea kwa heshima zote. Lakini subiri wageni wafike, maana kivuli si chetu tena."

"Mtoto hajui kusubiri, baba."

"Basi mfundishe," akasema Fungo, na baraza likafungwa.

Inauma kulisimulia hili. Mtoto alikufa kabla wageni hawajafika, na Mbega hakukubali kumweka chini. Alizunguka naye msituni, akimpangusa uso.

Wageni wakaja. Walipima kivuli, wakaridhika, wakausifu ukimya wa mahali pale. Kisha wakamwona Mbega amesimama njiani, anasema nao. Lugha ya msituni hawakuijua, kwa hiyo wakamwuliza Fungo mama huyu anasema nini.

Mbega alikuwa akisema, "Mwanangu amekufa kwa njaa, na majani yako juu ya kichwa chake."

Fungo akainama kwa adabu.

"Anasema karibuni sana."