Gari Lililokatazwa Kupumua

Nyumba ile ilikuwa na amri moja ambayo haikuandikwa popote, ila ilitiiwa kuliko zote: hakuna kumwambia Baba kwamba gari lake linanuka.

Lilinuka. Lilikuwa kuukuu, na kwa mwaka mzima sasa lilikuwa likinuka petroli hata ukipita barabara ya pili. Mama wa nyumba kila alipopanda alidai ana mafua, na mafua hayo yalipona ghafla kila aliposhuka. Mwanawe mdogo alisafiri kichwa kikiwa nje ya dirisha kama mbuzi anayepelekwa mnadani, akisema anapenda mandhari. Baba mwenyewe, mtunza stoo mstaafu, hakujua lolote. Miaka thelathini kati ya mapipa ya rangi na mafuta ya taa ilikuwa imeistaafisha pua yake kabla yake mwenyewe.

Sasa mkamwana wa nyumba hiyo alikuwa ameitwa kwenye kiwanda cha chai, saa nne kamili asubuhi, kufanyiwa majaribio ya uonjaji. Waombaji sitini walikuwa wamechujwa, wakabaki watatu. Kazi yenyewe ni pua na ulimi, basi. Kwa wiki mbili hakugusa kitunguu, na mumewe alikuwa amehamishiwa sebuleni kwa kosa la kujipaka manukato.

"Nitakupeleka mwenyewe," Baba mkwe akatangaza.

"Usijisumbue, Baba. Ni karibu tu."

"Kilomita tisa ndiyo karibu? Watu watasema huna wazee. Panda!"

Akapanda. Gari lilikuwa limeegeshwa juani, na mvuke ulimpokea kama shangazi asiyepiga mswaki: kwa kumkumbatia na kumbusu mdomoni. Kiti kilinata. Mbele yake lilikuwapo tambara jeusi ambalo katika ujana wake liliwahi kuwa fulana ya ndani ya mtu.

Kilomita ya pili, gari likazima. Baba mkwe akashuka bila haraka, akafungua kifuniko cha tangi. Fyuuuu! Tangi likavuta hewa kama babu anayefyonza uji.

"Umesikia?" akauliza kwa fahari. "Linavuta pumzi. Gari hili ni kama mtu, likichoka linapumzika."

Akafuta kifuniko kwa lile tambara, akajifutia jasho la shingo kwa tambara lilelile, kisha akampa mkwe wake alishike. Akalishika kwa ncha za vidole viwili, kama mtu aliyekabidhiwa panya aliyekufa jana.

Kilomita ya tano likazima tena. Safari hii mzee alilaumu uchafu kwenye njia ya mafuta. Akachomoa mpira, akautia mdomoni, akanyonya. Akatema petroli, akasukutua kwa mate yake, akacheua cheuo ambacho kiberiti kingeweza kukiwasha. Kwa mdomo huohuo akamega biskuti, nusu akala, nusu akamnyooshea.

"Kula, mwanangu. Usiende kujaribiwa na njaa."

"Nimeshiba, Baba," akasema, na kwa kweli tumbo lake lilikuwa limekwisha kufunga milango yote.

Kilomita ya saba, saa nne kasoro robo, gari likafa mara ya tatu. Mkamwana akashuka ili asitapike ndani. Akainama nyuma ya gari, na hapo pua yake, iliyotukanwa asubuhi nzima, ikamnong'oneza jambo. Chini ya uvundo wa petroli palikuwa na harufu nyingine. Sabuni ya mche!

Akapiga magoti na gauni lake jeupe. Ubavuni mwa tangi kulikuwa na bomba dogo, na mdomo wake ulikuwa umezibwa kwa bonge la sabuni lenye alama ya dole gumba.

"Baba, nani kaweka sabuni hapa?"

"Mimi. Mwaka jana fundi aliziba tundu la tangi kwa sabuni, likaacha kuvuja. Petroli haiyeyushi sabuni, mwanangu. Basi nikaona na hilo bomba linatoa mvuke bure. Miaka thelathini hakuna kitu kilichotoka stoo kwangu bila saini!"

"Lakini hapa ndipo linapopumulia. Ukinyonya chupa bila kuiachia hewa, si inakunasa ulimi? Ndiyo maana linazima. Na likikaa juani, mvuke ukikosa pa kutokea, unakuja kukaa nasi ndani."

Hakungoja jibu. Akachokoa sabuni kwa pini ya nywele mpaka ikatoka nzima, na bomba likavuta hewa, fyuuuu, kisha likamcheulia mvuke usoni, petroli kidogo ikatua kwenye mkono wa gauni.

Gari likakimbia kama ndama. Walifika saa nne kasoro dakika tano. Mwonjaji mkuu, mwanamume mkavu mwenye aproni nyeupe, akanyanyua kichwa toka kwenye vikombe vyake.

"Simama hapohapo!" Akajiziba pua kwa aproni. "Chai inanyonya harufu kuliko sponji. Ukiingia humu, nitamwaga sampuli zote. Njoo Alhamisi, umeoga, umefua. Na hilo gari linalonuka hapo nje lisikanyage hata geti langu."

Baba mkwe alikuwa mlangoni, tambara mkononi. Alisubiri mpaka wafike uwanjani.

"Eti linanuka! Mbona mama yenu hajawahi kulalamika? Alhamisi nitakuleta mapema zaidi, tumwoneshe."

Mkamwana alitazama chini. Cheko dogo la adabu lingetosha kuilinda amri ya nyumba, na lingetosha pia kuizika kazi yake.

"Linanuka, Baba. Mama hana mafua."

Mzee akaliinua tambara, akalinusa kwa muda mrefu. Hakupata kitu.

"Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima."

"Na nyote mkanyamaza."

"Tulikuheshimu."

"Heshima gani hiyo, kuniacha ninuke mbele za watu?" Akafungua mlango kwa unyonge. "Panda basi, ukaoge."

"Nitatembea, Baba. Leo na Alhamisi."

Mzee akawasha gari. Mkwe haachwi njiani, kwa hiyo akamfuata nyumanyuma kwa mwendo wa konokono, madirisha yote wazi, kilomita tisa. Mkamwana alitangulia, pua ameibana kwa vidole, mchana kweupe, bila kuona haya. Na lile gari, sasa likipumua vizuri, halikuzima hata mara moja.