Miraba Midogo Kuliko Yote

1.

TANGAZO
Chumba cha Lesi, nyuma ya kanisa

Mtu asiguse mto wa mwenzake.
Mtu asile karanga karibu na uzi mweupe.
Mtu apime uzi kwanza ndipo achague miraba. Akigeuza mpangilio huo asije kunililia.

Sista Gaudensia, Mwalimu wa Kazi za Mikono

Mtu asipige chafya bila kibali cha maandishi.

(Mstari wa mwisho ni wa Subilaga wa kidato cha tatu. Sista aliusoma, akafikiri kidogo, akauacha. Alisema una faida.)


2.

Ewe msomaji uliyesoma shule ya kutwa ukala chakula cha kwenu, keti ufundishwe.

Lesi ya vijiti haina sindano wala mashine. Kuna mto mgumu uliojazwa maranda. Juu ya mto kuna karatasi ya miraba, kama ile ya hesabu, iliyotobolewa mahali pa kuchomeka pini. Nyuzi zimeviringwa kwenye vijiti vidogo vya mti, navyo vinaning'inia pembeni kama wanafunzi waliochelewa paredi. Unapishanisha, unasokota, unapishanisha, unachomeka pini. Basi. Unarudia mpaka uote mvi.

Uzi mnene kwenye miraba midogo: lesi inavimba kama uji uliosahauliwa jikoni. Uzi mwembamba kwenye miraba mikubwa: lesi inalegea, chandarua kilichopigana na panya. Kwa hiyo uzi na miraba huposana kwanza. Vikipatana, yaliyobaki ni subira.

Na jambo moja zaidi. Kadiri miraba inavyokuwa midogo, ndivyo

ndivyo

Tutafika.


3.

Simu ya matroni, Jumapili. Kila msichana huongea mpaka aliye nyuma yake aanze kukohoa.

— Shikamoo mama.
— Marahaba mwanangu. Umekula?
— Tumekula kitu. Bado hakijatambuliwa.
— Subi.
— Maharage, mama.
— Sikiliza. Yule baba Ambakisye, msoma mita za maji...
— Namjua. Mita yetu ameisoma mwaka mzima. Haina hadithi ndefu hivyo.

Mama akacheka. Alicheka vizuri, kwa kifua chote, na hilo ndilo lililomchoma Subilaga.

— Amekuja na wazee wake. Tumekubaliana mwezi wa nane. Na mimi nimesema mbele yao wote: sifungi ndoa bila lesi ya mwanangu kuzunguka shela. Unanijua nikishasema.
— Nakujua.
— Utanifumia?

Edina, jirani yake wa kitanda, akaanza kukohoa.

— Nitakufumia.


4.

Sahani mbili.

Tangu baba afariki, Subilaga akiwa hajaota hata meno ya pili, nyumba ile ya Tukuyu ilikuwa ya watu wawili. Sahani mbili, vikombe viwili, viti viwili vya kukalia na cha tatu cha kuwekea ndoo. Mvua ya kule hainyeshi, inahamia. Ikishahamia, mama na binti walicheza karata jikoni, mama akiiba waziwazi na kuapa kwa jina la Bwana kwamba haibi.

Sasa kuna mtu atakayekitaka kile kiti cha ndoo.


5.

Kabati la uzi lilifunguliwa Jumatatu baada ya vipindi.

Sista Gaudensia akaweka mezani uzi wa pamba, mnene, wa kupendeza, na karatasi yenye miraba mipana. "Shela ina mzunguko mrefu," alisema. "Chukua huu. Utamaliza kabla ya likizo na utapata muda wa kufua soksi zako, maana nimeziona."

Subilaga akatazama uzi wa pamba. Akatazama kalenda ukutani. Ndipo akainama mpaka chini kabisa ya kabati, kwenye kopo la biskuti, akatoa kitani, uzi mwembamba kama unywele wa kichanga. Akakizungusha kwenye rula, mzunguko ukilala kando ya mzunguko, akapima kama alivyofundishwa. Kila kitu kwa utaratibu. Kisha akavuta karatasi ya miraba inayolingana nacho.

Miraba midogo kuliko yote.

"Hiyo?" Sista akauliza.

"Mama yangu anastahili kizuri, Sista."

"Kwa shela nzima?"

"Nzima."

Sista alimtazama kwa muda wa kusema Salamu Maria moja isiyo na haraka.

"Haya," akasema.


6.

...ndivyo lesi inavyochelewa.

Hilo ndilo nililokuwa nalisema kule juu. Kwenye miraba mipana, jioni moja inakupa urefu wa kiganja. Kwenye miraba hii, wiki nzima inakupa ukucha, tena wa mtu anayetafuna kucha.

Bila lesi, hakuna shela. Bila shela, hakuna ndoa. Hakuna aliyesema uongo. Hakuna aliyekataa kufanya kazi. Binti anafuma kila siku kwa ajili ya mama yake. Ni picha ya kuwekwa kwenye kalenda ya jimbo.


7.

UZI UNASEMA:

Nilikuwa kwenye kopo tangu masista wa kwanza. Nakatika nikitazamwa vibaya, kwa hiyo hakuna aliyenitaka. Huyu alinishika, akatabasamu peke yake, nikadhani nimependwa.

Ananitaka kwa kuwa nachelewa.

Sawa. Wengine hawatakiwi kwa lolote.


8.

(Namba nane imekatika. Imefungwa fundo. Tuendelee.)


9.

Yaliyosikika chumba cha lesi wiki zilizofuata:

"Subi, hiyo shela ni ya mama yako au ya kuku wake?"
"Ya kuku. Bwana harusi ni bata."
"Sisi tunakwenda netiboli."
"Nendeni."
"Tukusubiri?"
"Msinisubiri."
"Njoo bwana, hata kupiga kelele tu. Hakuna anayepiga kelele kama wewe."
"Nimesema nendeni, Edina."


10.

Zamani kidogo, Subilaga alikuwa mtu wa watu. Ni yeye aliyebandika tangazo kwamba kengele ya kuamka itapigwa kwa kunong'ona, na nusu ya bweni ikalala mpaka jua. Ni yeye aliyemwandikisha paka wa jikoni katika kwaya, sauti ya pili. Bweni zima lilimngojea aseme jambo ndipo lijue kama limefurahi.

Lakini mzaha unataka wasikilizaji, na uzi ule unataka macho yote mawili. Ukicheka, mkono unatikisika. Ukitikisika, uzi unakatika. Akaacha kucheka kwanza kwa ajili ya uzi, kisha kwa mazoea.

Ukungu ulipanda kutoka bondeni kila alasiri, ukaketi dirishani, ukamtazama.

Pishanisha.

Sokota.

Pishanisha.

Pini.


11.

ILANI YA KUAHIRISHWA
(haikubandikwa popote, ilitungwa kichwani, katikati ya kipindi cha jiografia)

Umma unaarifiwa kwamba ndoa iliyotarajiwa mwezi wa nane imesogezwa mbele mpaka kazi ya mikono itakapokamilika. Kwa kasi ya sasa, bwana harusi anashauriwa kutunza meno yake. Bibi harusi ataendelea kukaa na mwanawe kama kawaida, yaani mwanawe akiwa shuleni miezi mingi na bibi harusi akiwa

akiwa jikoni peke yake, na sahani

Ilani imefutwa kwa marekebisho.


12.

Simu tena. Safari hii sauti ilikuwa nzito.

— Shikamoo.
— Marahaba, mama. Hujambo? Ni Ambakisye. Mama yako yuko nje anaanua nguo, kaniambia nikushikilie asije akakukosa.
— Sijambo.
— Naambiwa lesi ni kazi ya taratibu.
— Sana.
— Basi usiharakishwe na mtu. Mimi kazi yangu ni kungoja namba zigeuke, nimezoea. Eh, lile bomba la nje, la karibu na dirisha lako, lilikuwa linavuja. Nimelikaza. Usije ukashangaa ukirudi, halilii tena.
— Asante.

Subilaga alirudisha simu kwa matroni kabla mama hajaingia ndani.

Tone. Tone. Tone kwenye beseni la bati, likizo zote za maisha yake. Kule nyumbani hakuwahi kupata usingizi bila kulisikia. Na hakuweza hata kumchukia mtu huyo ipasavyo, maana nani humchukia mtu kwa kukaza bomba?


13.

SIKU YA WAZAZI. Ratiba:

Misa.
Hotuba.
Hotuba ya kushukuru hotuba.
Wazazi watatembelea kazi za wanafunzi.

Mama alikuja na kitenge kipya na mkungu wa ndizi mbivu. Alipita kwenye vitambaa vya meza vya Edina, akavisifu. Akafika kwenye mto wa Subilaga. Sista Gaudensia akaondoa kitambaa kilichofunika.

Mama akainama. Alitafuta miwani, akaivaa, akainama tena.

"Huu ni mwanzo," alisema. "Iliyobaki iko wapi?"

"Hakuna iliyobaki."

Mama akaweka kidole gumba kando ya lesi. Gumba na lesi vilikuwa sawa kwa urefu.

"Sista, huyu mtoto alikuwa anaumwa?"

"Hapana, mama. Hajakosa hata jioni moja."

"Basi ni uzi gani huu aliopewa?"

Sista akaanza kukunja kitambaa ambacho kilikuwa kimeshakunjwa.

"Nilichagua mwenyewe," alisema Subilaga.

Mama alikuwa karani wa mizani kiwanda cha chai. Watu walimletea magunia yenye mawe katikati ya majani, nyuso zao safi kama maziwa. Alimtazama mwanawe kama anavyolitazama gunia.

"Ulijua utafika hapa tu?"

"Nilijua."

Nje, kwaya ya wazazi ilikuwa inaimba na kupotea njia.

Mama akavuta kiti. "Nilitoa neno mbele ya watu. Sitalirudisha. Ukiniambia nisubiri miaka kumi, nitasubiri. Ila niambie nasubiri nini, Subi. Nisikae tu kama mtu aliyeshushwa stendi."

Subilaga alitafuta mzaha. Alitafuta mfuko wa kulia, mfuko wa kushoto. Daima kulikuwa na mmoja.

"Amekaza bomba," alisema.

"Lilikuwa linavuja."

"Najua lilikuwa linavuja, mama."

Mama akavua miwani.

"Mkikaa wawili kule," Subilaga akasema akizitazama pini, "mimi nikirudi nitakuwa mgeni. Nitaulizwa kama nimeshiba."

"Mimi je?" Mama hakupandisha sauti. "Unajua nyumba inavyokuwa ukishapanda gari la shule? Nacheza karata mwenyewe. Najiibia mwenyewe."

Edina, mlangoni, hakukohoa. Alirudi nyuma taratibu akaufunga mlango.


14.

Sista Gaudensia, ambaye hakuulizwa:

Nilimwona siku ile ya kabati. Mtu akichagua uzi huonyesha anachokiogopa, na kazi yangu si kumnyang'anya mtu uzi. Ningesema, angechagua mnene, angemaliza, na hili lisingesemwa na mtu yeyote.

Au nilikosea. Niombeeni.


15.

Subilaga alifungua kabati. Akatoa uzi wa pamba na karatasi ya miraba mipana, akaviweka mezani bila kumtazama mtu.

"Sista. Mpaka mwezi wa nane?"

"Mikono miwili, hapana. Mikono minne, labda. Na labda hiyo naitamka kwa woga."

"Mimi hata kushika sijui," mama akasema.

"Hutafuma," Sista akasema. "Utaviringa tu. Nawa mikono, ndoo ile pale."

Mama akanawa kama mtu anayekwenda mezani kwa wakwe.

Sasa, msomaji, hili sikukueleza, kwa kuwa halikuhitajika mpaka hapa. Vijiti vya lesi huenda jozi, na kila jozi hula uzi mmoja. Uzi haukatwi katikati. Ncha moja huviringwa kwenye kijiti hiki, ncha ya pili kwenye kile. Mtu akiwa peke yake huviringa upande mmoja, hufunga, kisha huanza upande wa pili. Wakiwa wawili, kila mmoja hushika kijiti chake, husimama mbali kadiri uzi unavyoruhusu, nao huviringa wakisogeleana.

Mama alisimama chini ya dirisha. Subilaga alisimama mlangoni. Uzi ulikatiza chumba kizima, juu ya mito ya watu wengine.

"Usivute," Subilaga alisema.

"Sivuti. Wewe ndiye unavuta."

"Mama, unavuta."

"Haya, navuta kidogo."

Waliviringa. Hatua, kisha hatua. Kengele ya wageni kuondoka ikapigwa, na haikunong'ona. Nje magari yakaanza kuwaka. Sista akakumbuka ghafla kwamba ana shughuli sakristia.

"Tukikutana tunafanyaje?" mama akauliza. "Nani anaacha kwanza?"

"Sijui. Siku zote nimeviringa peke yangu."

Uzi ulikuwa umebaki kama urefu wa meza. Kisha kama wa mkono.

"Subi."

"Viringa, mama."

Kama wa ukucha. Vijiti vikagusana.