Karai la Mama Kasyoka

Nilihudhuria semina ya siku tatu pale Ayany, tukafunzwa jinsi ya kumfundisha kila mtu Neno kwa njia inayomfaa: huyu kwa sikio, yule kwa jicho, mwingine kwa mikono. Nikapewa cheti, nikakitundika ukutani. Elimu yenyewe ikabaki huko huko ukutani.

Mimi ni Phanice, mwalimu wa darasa la ubatizo katika kanisa letu la mabati mtaani Kongo, Kawangware. Mtihani wetu ni mmoja. Unasimama wima, mikono nyuma, unataja Amri Kumi kwa mpangilio mbele ya mzee wa kanisa, Shivachi. Ukikwama, unarudi mwakani. Na asiyebatizwa, kanisa letu halimziki.

Mumbua, tuliyemwita Mama Kasyoka kwa jina la mwanawe, alikuwa amekwama mara tatu. Alifua nguo za watu, shule hakuiona, na moyo wake ulikuwa mgonjwa. Alitaka kitu kimoja tu, azikwe na kanisa. Wiki moja kabla ya jaribio la nne nilimkuta uani ameinamia karai, akiimba amri zote kumi kwa sauti za kwao Kitui, kila amri na nguo yake. "Usiue" ilikuwa kola ya shati. Hakuruka hata moja.

Jumapili akasimama, mikono nyuma. Akafika amri ya tatu, akakwama.

"Mwalimu, mikono ikikaa bure maneno yanatoroka," akaniambia. "Nipe tu karai na kitambaa, nitasema zote."

Darasa likaangua kicheko. Shivachi akanigeukia. "Mwalimu, hii ni kanisa ama ni dobi?"

Nilijua anazijua. Nilizisikia kwa masikio yangu mawili. Lakini nikacheka na wao, mwoga mkubwa mimi, nikaandika: arudi mwakani.

Mwaka huo haukumkuta. Alikufa Agosti. Shivachi akasema sheria ni sheria, hakuna kwaya, hakuna mchungaji. Kasyoka na wafuaji waliofua na mama yake wakamzika wenyewe, wakiimba wimbo wake wa amri huku mikono ikisugua hewa. Nilijificha nyuma ya watu. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi ndiye niliyeyamwaga.

Mwaka uliofuata nikalifundisha darasa langu wimbo ule ule, kila mtu na kitambaa chake. Siku ya mtihani walisimama wima, mikono nyuma, vidole vikisugua mgongoni asikoona Shivachi. Wakapita wote kumi na wanne.

Shivachi alifurahi hadi akanipa mkono mbele ya kanisa zima. "Hakuna hata mmoja amekwama! Mwalimu Phanice, hii maarifa umetoa wapi?"

Kasyoka alikuwa ameketi benchi la nyuma. Aliinua uso, akanitazama, akangoja.

"Kwa semina, mzee," nikasema.