Dang'a ya Nurjahan

Mwezi wa mwisho wa mimba yake ya pili, Nurjahan alijifunza kujikamua maziwa. Aliyemfundisha ni Hannah, mkunga aliyekuwa karibu kustaafu katika kliniki moja ya Woodley. Hannah hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimwonyesha mahali pa kuweka kidole gumba, jinsi ya kusukuma mkono nyuma kuelekea kifuani kabla ya kubana, na jinsi ya kukinga tone kwa kijiko kilichochemshwa. Alimwambia pia kwamba akisikia tumbo linakaza, aache mara moja na aje kliniki.

Nurjahan alikuwa na ugonjwa wa sukari. Hannah alimweleza kwamba mtoto wa mama kama yeye anaweza kuzaliwa sukari yake ikashuka ghafla, akahitaji kunywa upesi, kabla mama hajaweza hata kuketi. Ndivyo ilivyokuwa kwa Shirin, binti yake wa kwanza. Alipelekwa chumba cha watoto wachanga, akapewa maziwa ya kopo kwa chupa, na alipoletwa kwa mama yake siku kadhaa baadaye alilia kila alipoonyeshwa ziwa, akageuza uso. Nurjahan alijaribu mpaka chuchu zikapasuka. Gulshan, wifi yake, alimwita Shirin "mtoto wa kopo" mbele ya wageni harusini. Watu wakacheka, na Nurjahan naye akacheka.

Basi kila asubuhi mumewe alipokwisha kwenda kwenye duka lake la vitambaa, Biashara Street, Nurjahan alijifungia bafuni na kijiko chake. Mwanzoni yalikuwa matone tu, mazito, ya njano kama samli. Aliyatia katika vichupa vya dawa alivyovichemsha, akavificha kwenye sehemu ya barafu ya friji, nyuma ya njegere.

Mama yake, Bi Kulsum, alikuwa amepanda treni kutoka Mombasa kuja kumwangalia. Siku ya kwanza alisimama kwenye mlango wa bafu akauliza kwa sauti ya chini kama si mkosi kumtangulia mtoto namna hiyo. Kisha akachungulia ndani ya kijiko.

"Kumbe dang'a," akasema, kwa neno la kwao la maziwa ya kwanza ya mzazi, na uso wake ukalainika. Tangu siku hiyo akawa mlinzi wa friji, hata mkwewe akitaka barafu ilibidi aombe.

"Nikilazwa, mama, usihangaike na chakula," Nurjahan alimwambia. "Wewe njoo na vichupa."

Mtoto alikuwa mkubwa, ikabidi Nurjahan afanyiwe upasuaji. Nurjahan alipozinduka aliambiwa ni mvulana, yuko chumba cha watoto ng'ambo ya ukumbi, sukari yake iko chini, wanamshughulikia. Alitaka kuinua kichwa lakini hakikuinuka. Miguu yake ilikuwa kama ya mtu mwingine. Akauliza kama mama yake amefika.

Bi Kulsum aliingia, akaketi, akakipakata kikapu chake. Ndani mlikuwa na kitambaa kilicholowa maji ya barafu, na vichupa vitupu.

"Wamemwaga," alisema.

Nurjahan alilazimika kumuuliza mara mbili ndipo akasimulia. Kwenye mlango wa chumba cha watoto palikuwa na muuguzi, Wanjugu jina lake, na ukumbi ulijaa wanaume wanaongoja wake zao. Muuguzi aliuliza kwa sauti kuna nini ndani ya vichupa. Bi Kulsum, ambaye maisha yake yote hakuwahi kutaja ziwa la mwanamke mbele ya wanaume, akajibu kwamba ni dang'a, ya mtoto. Wanjugu alikuwa amekulia kwenye boma lenye ng'ombe, na neno hilo alifundishwa shuleni katika somo la mifugo, kuwa ni maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyezaa. Akainua kichupa kwenye mwanga. Rangi ni ileile, uzito ni uleule. Tena juma lililopita bibi mmoja alikuwa ameingiza maziwa ya mbuzi kwa siri, mtoto akaharisha vibaya. Alimwambia Bi Kulsum kwa upole kwamba vitu vya ng'ombe haviruhusiwi, akaenda navyo kwenye sinki.

"Hukusema ni yangu?"

"Nilisema. Maji yalikuwa yashafunguliwa."

Wanjugu mwenyewe alikuja baadaye, akasimama miguuni pa kitanda. "Pole sana, mama. Hiyo neno mimi naijua ya ng'ombe tu."

Nurjahan alitaka kumkasirikia. Alimtazama usoni, akaona mwanamke aliyechoka, ambaye naye alikuwa amelia kidogo.

"Amekunywa nini?"

"Tumempa chupa. Hatungeweza kungoja, sukari ilikuwa chini sana."

"Amenyonya vizuri?"

"Vizuri sana," Wanjugu akasema.

Nurjahan akafumba macho. Kisha akaomba kijiko.

Mkono wake mmoja ulikuwa na sindano ya maji, na ule mwingine ulikuwa bado mzito kwa dawa za usingizi. Bi Kulsum akavuta pazia, akanawa, akamkamua binti yake mwenyewe, bila kumtazama usoni. Ilichukua muda mrefu. Kijiko hakikujaa nusu. Wanjugu akakipokea, akaweka kiganja chini yake, akasema mtoto karibu ataamka, atajaribu kumdondoshea dang'a hii kabla ya chupa. Akatoka akitembea polepole, kama mtu aliyebeba moto.

Walisikiliza viatu vyake ukumbini. Ndipo sauti ya mwanamke ikaita kutoka upande wa chumba cha upasuaji, "Sista, huku kwanza." Viatu vikanyamaza.

Bi Kulsum akaenda mlangoni.

"Unamwona, mama?"

"Amesimama."

"Na kijiko?"

"Kingali mkononi."

"Anaelekea wapi?"

"Yuko katikati, anatazama kwa mtoto na kwa anayemwita." Sauti ile ikaita tena.